Lebo mbili Rubaya: historia ya mfumo mbadala uliopingwa Masisi

Mwanzoni mwa Januari 2019, koltani, mawe yanayotoa tantali, inayotoka katika mashimo ya Rubaya, wilayani Masisi, mashariki mwa Kongo, ilianza kufungwa lebo ngeni. Kampuni yenye kibali cha kuchimba eneo hilo, Société Minière de Bisunzu, inayofahamika zaidi kwa kifupi SMB, ilikuwa imejitoa Desemba 2018 katika ITSCI, mfumo wa kufuatilia asili ya madini ambao tangu mwaka 2014 ulikuwa peke yake kwenye vilima vile. Ikahamia kwa mshindani, Better Sourcing, mradi wa shirika la RCS Global lenye makao London. Anayeitazama habari hii kutoka mbali ataona kampuni imebadilisha mtoa huduma, basi. Rubaya haikuchukuliwa hivyo. Mabadiliko yale yalizusha ubishi uliowagusa wachimbaji, wanasiasa wa Kivu Kaskazini, wanunuzi wa ng'ambo na hatimaye wataalamu wa Umoja wa Mataifa, na mpaka leo ubishi huo haujakatwa.

Swali lililokuwa ndani yake ni kongwe kuliko lebo zenyewe. Watu wanaotengeneza programu huria za kompyuta, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadilisha, wamehangaika nalo kwa zaidi ya miaka 30: jamii ikishajenga kitu cha pamoja kwa jasho, ikaaminika kwa sababu yake, kisha akatokea mtu na mradi mbadala, apokewe vipi? Jibu la kwanza karibu kila mara ni kumpinga. Anaambiwa anagawanya nguvu, anawachanganya watumiaji, angefanya vema kusaidia kilichopo. Hoja yangu ni kwamba upinzani wa namna hiyo Masisi ulikuwa na sababu za kweli, lakini ulielekezwa pasipostahili. Rubaya iliumizwa na daftari lililofungwa, na ujio wa mfumo wa pili ulilifichua tu.

Ili kuelewa kwa nini mfumo wa kwanza ulilindwa kwa wivu mkubwa, inabidi kurudi katika wilaya jirani ya Walikale. Kasiteriti, mawe yanayotoa bati, iligunduliwa Bisie mwaka 2002, katikati ya msitu. Wapagazi waliteremsha magunia kwa miguu hadi Njingala, na kutoka Kilambo, ambako ndege ndogo zilitua juu ya barabara ya lami, mzigo uliruka kwenda Goma. Kwa miaka kadhaa Bisie peke yake ilitoa sehemu kubwa ya kasiteriti yote ya Kivu Kaskazini, na kuanzia mwaka 2006 mlima ulikuwa mikononi mwa brigedi ya 85 ya jeshi la taifa, kikosi kilichotokana na wapiganaji wa Mai-Mai, kilichokuwa kikitoza kodi zake chenyewe. Kampuni ya Mining and Processing Congo, iliyopata kibali cha utafiti hapo mwaka 2006, ilizuiwa kwa miaka na kundi la wazawa na wafanyabiashara waliokwisha kushika mashimo. Kwa hiyo desturi ya mwenyeji kumfungia mlango mgeni mwenye karatasi mpya ilikuwa na mizizi Walikale kabla lebo ya kwanza haijafungwa.

Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, ambayo kifungu chake cha 1502 kiliyataka makampuni yaliyoorodheshwa katika masoko ya hisa ya nchi hiyo kueleza kama yanatumia bati, tantali, tungsteni au dhahabu kutoka Kongo na nchi jirani. Miezi miwili baadaye, Rais Joseph Kabila akasimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema. Zuio liliondolewa Machi 2011, lakini tarehe 1 Aprili mwaka huohuo viyeyushaji vikubwa vya ng'ambo vilianza kukataa madini ya eneo hili yasiyo na uthibitisho wa asili. Familia zilizoishi kwa chepe na karai zikakosa mnunuzi halali. Mwaka 2014 watafiti na wataalamu wapatao 70, Wakongo wakiwemo, walitia saini barua ya wazi wakieleza jinsi juhudi za kuzuia madini ya vita zilivyowatupa wachimbaji nje ya soko bila kuvivunja nguvu vikundi vyenye silaha.

Hapo ndipo ITSCI ilipopata heshima yake. Mfumo huu ulianzishwa na vyama viwili vya wafanyabiashara, cha bati na cha tantali, na kazi ya uwanjani ikapewa shirika la Kimarekani la Pact. Ulivyofanya kazi ni rahisi kueleza. Wakala wa serikali, kutoka idara ambayo sasa inaitwa SAEMAPE, anasimama karibu na machimbo, anapima gunia, anafunga lebo ya plastiki yenye namba, na kuandika uzito, tarehe na shimo kwenye daftari. Mzigo ukifika kwa mfanyabiashara, lebo ya pili inafungwa na wakala wa Idara ya Madini. Kurasa za madaftari hupelekwa kwa waendesha mfumo, nao wanalinganisha kilichotoka mlimani na kilichofika sokoni. Gharama hulipwa kwa tozo juu ya kila tani. Kati ya mwaka 2011 na 2014, Masisi ilipokuwa bado haina lebo, ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zilionyesha koltani yake ikivushwa mpaka kwa magendo na kufungwa lebo za Rwanda. Mfumo ulipofika Rubaya, mchimbaji aliuza mchana kweupe tena. Mtu aliyeupinga mbadala wa mwaka 2019 akikumbuka miaka ile mitatu ya njaa hakuwa mjinga wala kibaraka. Alikuwa akilinda njia pekee ya soko aliyoijua.

Lakini njia pekee ina bei yake. Tozo Kongo ilikuwa juu kuliko Rwanda, na mwishoni uzito wake huangukia bei anayolipwa mchimbaji, kwa sababu kila aliye juu yake kwenye mnyororo hukata gharama zake kwanza. SMB ililalamikia gharama hizo, na Better Sourcing ilikuja na ahadi ya kuzipunguza na kukusanya taarifa kwa vifaa vya kidijitali badala ya kusubiri karatasi zisafirishwe. Kama ugomvi ungekuwa wa gharama na kasi tu, huenda ungekwisha mapema. Uliingia, hata hivyo, kwenye jeraha lililokuwapo. Wachimbaji wa Rubaya wengi wao walikuwa chini ya ushirika wa COOPERAMMA, ambao mwaka 2013 ulikubaliana na kampuni kwamba watachimba ndani ya kibali chake na kuiuzia yenyewe. Malalamiko ya malipo yaliyochelewa yalikuwa ya muda mrefu, na nyuma yake kulikuwa na mvutano wa ardhi na wa kijamii ambao Masisi inaujua tangu vita vya mwaka 1993. Kwa ushirika, kampuni kujichagulia mfumo mpya kulimaanisha yule anayenunua ndiye pia atakayeamua nani ahesabu. Na mahali ambapo mnunuzi anachagua mizani, muuzaji ana haki ya kuuliza.

Matokeo yake ni kwamba kilima kimoja kilikuwa na mifumo miwili. Ndani ya kibali cha SMB, lebo zilikuwa za Better Sourcing. Kwenye kibali cha jirani, mali ya kampuni ya serikali SAKIMA, ITSCI iliendelea. Mpaka kati ya vibali hivi ni mstari kwenye ramani. Ardhini ni njia ya mguu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti katika miaka iliyofuata kwamba koltani iliyochimbwa kwa SMB ilivuka usiku na kuibuka upande wa pili ikiwa na lebo halali za ITSCI. Waliokuwa wamepinga ujio wa mbadala walipata ushahidi waliouhitaji: tuliwaambia, mifumo miwili inazaa magendo.

Kabla ya kuipokea hukumu hiyo, tuangalie jinsi ubishi wa namna hii ulivyokwenda mahali ambapo sheria zake zimeandikwa vizuri. Mwaka 1997, watengenezaji waliochoshwa na mwendo wa polepole wa GCC, programu inayogeuza msimbo wa binadamu kuwa amri za mashine, walianzisha mradi wa pembeni ulioitwa EGCS. Walilaumiwa kwa kuigawa jamii. Lakini leseni ya programu ile iliruhusu yeyote kuuchukua msimbo wote na kuuendeleza, hivyo pande zote mbili zilikuwa zikionana kazi zao mstari kwa mstari. Aprili 1999, baada ya miaka isiyofika miwili, wenye mradi wa awali waliitangaza EGCS kuwa ndiyo GCC rasmi. Ubora ulikuwa umeonekana na hapakuwa na haja ya kuuapia. Mwaka 2010, kampuni ya Oracle ilipoinunua kampuni ya Sun na kurithi OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi, sehemu kubwa ya wachangiaji ilijitenga Septemba na kuanzisha LibreOffice. Oracle iliwataka waliojiunga na mradi mpya waachie viti vyao katika baraza la jamii ya OpenOffice, ikidai mgongano wa maslahi. Kiti waliweza kunyang'anywa, msimbo hawakuweza. Mwaka uliofuata Oracle ikaikabidhi OpenOffice kwa taasisi ya Apache, na LibreOffice ikawa ndiyo inayotumiwa na wengi hadi leo.

Sisemi kwamba dunia ya programu huria ni paradiso. Kisa hichohicho cha LibreOffice kina doa lake: leseni ya Apache inaruhusu LibreOffice kuchukua kazi ya OpenOffice, lakini leseni ya LibreOffice haiiruhusu OpenOffice kufanya vivyo hivyo, kwa hiyo mlango uko wazi upande mmoja. Bado kanuni inabaki kuonekana. Pale ambapo aliyejitenga anaruhusiwa kuondoka na nakala ya kilichojengwa pamoja, upinzani hukoma kuwa na meno, na mashindano hugeuka kuwa mtihani ambao kila mtu anaona majibu. Jamii inaweza kukasirika, inaweza kumsema vibaya aliyeondoka, lakini haiwezi kumfungia.

Rubaya hakuna aliyeweza kuondoka na nakala. Madaftari ya uzito, namba za lebo, orodha ya mashimo na kiasi kila shimo linachoweza kutoa kwa mwezi, yote hayo yaliandikwa kwa mkono wa wakala anayelipwa na serikali ya Kongo, juu ya jiwe lililotoka ardhi ya Kongo, lakini kanzidata iliyoyakusanya ilikuwa ya waendesha mfumo na wanachama wake. Mshindani alipokuja alianza kuhesabu upya kutoka sifuri, na hesabu zake naye akaziweka kwenye sanduku lake. Sasa fikiria wakala aliyesimama upande wa SAKIMA. Mashimo anayoyasimamia yakianza ghafla kutoa mzigo mara kadhaa ya kawaida yake, dalili ya wizi iko wazi, ila kuiona kunahitaji kuweka hesabu za pande mbili kwenye meza moja: huku uzalishaji umeshuka, kule umepanda, katika wiki zilezile. Meza hiyo haikuwapo. Mvutano ulifanya kila upande ulinde tarakimu zake kama silaha dhidi ya mwenzake, na mlanguzi akapita katikati.

Ndiyo maana naikataa hukumu kwamba wingi wa mifumo ndio ulioleta magendo. Kama ingekuwa kweli, magendo yangeanza Januari 2019, na mahali penye mfumo mmoja pangekuwa safi. Ushahidi unasema vinginevyo. Mwaka 2022 shirika la Global Witness lilitoa ripoti ndefu juu ya ITSCI, na miongoni mwa mifano yake mikubwa ni Nzibira, Kivu Kusini, ambako ilidai sehemu kubwa ya madini yaliyofungwa lebo yalitoka katika machimbo yasiyoidhinishwa, mengine yakiwa chini ya watu wenye silaha. Nzibira haikuwa na vita vya lebo mbili kama Masisi. ITSCI iliyakanusha madai hayo, na haki inataka lisemwe hilo pia: ni mfumo uliofanya kazi katika maeneo ambayo wengi waliogopa hata kuyakanyaga, na wenyewe umekuwa ukirekodi na kutangaza matukio mengi ya hitilafu. Hata hivyo Oktoba mwaka huohuo, RMI, chombo cha makampuni makubwa ya elektroniki na magari, iliiondoa ITSCI kwenye orodha ya mifumo inayoitambua. Mfumo uliojitetea dhidi ya mbadala kwa hoja ya kuaminika ukajikuta haukubaliki kwa wanunuzi wale waliokuwa sababu ya kuwapo kwake.

Kuna pingamizi zito zaidi, nalo linahusu usalama. Programu ya kompyuta ikiwekwa wazi, hakuna anayeuawa. Daftari la mgodi likiwekwa wazi, kamanda wa kikundi cha msituni anajua shimo gani limetoa mzigo mnene wiki hii na barabara gani utapita. Pingamizi hili ni la kweli na halijibiwi kwa kaulimbiu za uwazi. Jibu lake liko katika kutenganisha taarifa. Jina la mchimbaji, saa ya safari na jina la dereva hazina sababu ya kutoka nje. Uzito wa mwezi kwa kila eneo na mfululizo wa namba za lebo zilizotumika na zilizopotea ni jambo jingine. Hizo zikitolewa baada ya mzigo kwisha kusafirishwa, zinamsaidia mkaguzi na hazimpi mwizi chochote ambacho hakijui. Tena tusijidanganye: wenye silaha Masisi hawakuwahi kungoja kanzidata ili wajue mashimo mazuri yako wapi. Waliokuwa gizani ni wachimbaji wenyewe, vyama vya kiraia na hata maofisa wa mkoa.

Wengine watauliza, je, mbadala unaolipiwa na kampuni ya madini unaweza kuaminiwa kuichunguza kampuni hiyo? Ni swali zuri, na COOPERAMMA ilikuwa sahihi kulileta. Ila linaigusa ITSCI vilevile, kwa kuwa nayo huendeshwa kwa fedha za sekta inayoisimamia. Mwenye kulipa atakuwa na sauti katika mfumo wowote. Kinachopunguza sauti yake ni mtu wa tatu kuweza kuzihakiki hesabu bila kumwomba ruhusa, na hilo linarudisha mjadala palepale kwenye nani anamiliki daftari.

Wala tusiambiwe kwamba uwazi wa aina hii ni anasa isiyoiweza Kivu. Mwaka 2008 Wakenya walitengeneza Ushahidi, programu huria ya kuonyesha taarifa za ghasia kwenye ramani, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 kuzaa maafa. Kabla ya mwaka kwisha, programu hiyohiyo ilikuwa ikitumika kufuatilia mapigano ya mashariki mwa Kongo, wakati majeshi ya kiongozi wa waasi Laurent Nkunda yalipokuwa yakiisogelea Goma. Na leo takwimu za afya za taifa zima, za vituo vya Masisi na Walikale zikiwemo, huingizwa kwenye DHIS2, programu huria iliyoanza kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Oslo na Afrika Kusini. Wizara ya Afya ikichoka na mkandarasi mmoja anayeihudumia, inamwajiri mwingine, na hesabu za malaria za miaka yote zinabaki mikononi mwa Wizara. Idara ya Madini haijawahi kuwa na nafasi hiyo.

Tarehe 30 Aprili 2024 waasi wa M23 waliiteka Rubaya, na hapo ubishi wa lebo ukazimwa kwa bunduki. Ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya mwisho wa mwaka huo ilikadiria kwamba takriban tani 120 za koltani zilipelekwa Rwanda kila mwezi, na kwamba waasi walikuwa wakipata kiasi cha dola 800,000 kwa mwezi kutokana na kodi. Machi 2025 walifika hadi mji wa Walikale. Mgodi wa kisasa wa Bisie, unaomilikiwa na kampuni ya Alphamin na uliotoa zaidi ya tani 17,000 za bati mwaka 2024, ulisimamisha kazi kwa wiki kadhaa kabla ya waasi kuondoka mjini. Hakuna lebo, iwe kongwe au mpya, ingewazuia. Msomaji anaweza kusema basi mjadala wote huu ni wa bure. Nadhani ni kinyume chake, kwa sababu kila baada ya vita huja mikataba, na mikataba huja na mifumo. Makubaliano ya amani kati ya Kongo na Rwanda yaliyotiwa saini Washington tarehe 27 Juni 2025 yanazungumzia minyororo ya madini ya kanda nzima, na makampuni yenye lebo, vitambuzi na programu zao yatapanga foleni Kinshasa. Kila moja litaahidi kuwa la mwisho na la pekee.

Wizara ya Madini isiwape upekee huo. Iandike katika kila mkataba kwamba rejista ya uzito na lebo ni mali ya umma wa Kongo, kwamba imewekwa katika muundo ambao mfumo mwingine wowote unaweza kuusoma, na kwamba anayekuja kesho atakabidhiwa nakala nzima ya kilichohesabiwa jana. Na ushirika wa wachimbaji, kabla ya kuunga mkono au kuipinga lebo yoyote mpya itakayopandishwa Rubaya au Bisie, uanze kwa kudai kuoneshwa daftari.